Je, wajua kwa nini fasihi ya kisasa ya Kiholanzi huanza na dalali wa kahawa?

"Mimi ni dalali wa kahawa, nakaa Lauriergracht namba 37." Kila anayesomea fasihi ya kisasa ya Kiholanzi, awe Leiden, Ghent au Chuo Kikuu cha Indonesia, hakawii kukutana na sentensi hii. Ndiyo inayofungua Max Havelaar, riwaya iliyotoka Amsterdam mwaka 1860. Msemaji ni Batavus Droogstoppel, mfanyabiashara anayechukia mashairi, anayeona riwaya ni uongo mtupu, na ambaye haja yake ni kitabu cha minada ya kahawa tu. Wanahistoria wengi wa fasihi hiyo huhesabu usasa wake kuanzia kitabu hiki. Sasa kwa nini mwandishi amwachie mlango wa riwaya mtu asiyetaka hata kusikia hadithi?

Jibu linaanzia kisiwa cha Java, katika Indonesia ya leo, wakati huo koloni la Uholanzi. Kuanzia mwaka 1830 serikali ya Uholanzi iliwalazimisha wanavijiji wa huko kulima mazao ya kuuzwa Ulaya: kahawa, miwa, nili. Kanuni ilitaja sehemu moja ya tano ya ardhi ya kijiji, lakini mzigo mara nyingi ulizidi hapo. Mazao yalisafirishwa na kampuni moja kubwa ya biashara, yakapigwa mnada Uholanzi, na faida ikalipa madeni ya taifa na kujengea reli. Msomaji wa Tanzania atakumbuka pamba ya Mjerumani na vita vya Maji Maji vya 1905. Java walikuwa wameonja kilimo cha shuruti miaka 75 kabla.

Mwandishi, Eduard Douwes Dekker, alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Mapema mwaka 1856 alipelekwa kusimamia wilaya ya Lebak, magharibi mwa Java, akakuta watu wananyang'anywa nyati wao wa kulimia na kufanyishwa kazi bila malipo kwa ajili ya mtawala wa kienyeji, huku maofisa wa Kiholanzi wakifumba macho. Akamshtaki mtawala huyo kwa wakubwa wake. Wakubwa hawakumuunga mkono, akajiuzulu miezi michache tu baada ya kufika. Mwaka 1859, akiwa hana kitu mfukoni, alijifungia Brussels akaandika riwaya yote kwa takriban mwezi mmoja. Akajiita Multatuli, Kilatini cha mtu aliyestahimili mengi.

Angeweza kuandika ripoti. Ripoti alikwisha ziandika, zikaishia kwenye mafaili. Safari hii akapanga wasimulizi kadhaa. Droogstoppel anakutana na rafiki wa zamani aliyefukarika, ambaye anamkabidhi furushi la maandishi. Humo anaona habari za kahawa, akamtwika kijana Mjerumani wa ofisini kwake, Stern, kazi ya kuyageuza kitabu. Stern, mwenye moyo wa ushairi, badala ya minada anasimulia kisa cha ofisa mmoja wa Lebak, Max Havelaar. Kila msomaji anapozama kwenye maisha ya Java, Droogstoppel anachomoza na sura yake kulalamika kwamba kahawa imesahauliwa. Bila kujua, anajianika mwenyewe, na pamoja naye kila mnywaji kahawa wa Amsterdam asiyetaka kuulizwa imetoka wapi.

Tazama kisa cha Saidjah na Adinda kilichowekwa ndani ya riwaya hiyo. Baba yake Saidjah ananyang'anywa nyati, mmoja baada ya mwingine. Kijana anaamua kwenda Batavia, Jakarta ya leo, kutafuta pesa za nyati wapya ili arudi kumwoa Adinda. Wanaagana kukutana chini ya mkungu, mti uleule unaoota kwenye mwambao wetu, baada ya miezi kumi na miwili mara tatu. Kila mwezi ukiandama, Adinda atachora alama kwenye kinu chake cha mpunga. Saidjah anarudi siku ya ahadi, anangoja chini ya mti hadi jua linapanda, Adinda haji. Familia yake nayo imenyang'anywa nyati ikakimbilia Lampung, ng'ambo ya bahari, kwa waasi. Saidjah anamfuata, anamkuta ameuawa na askari wa Kiholanzi, na yeye mwenyewe anajitupa kwenye singe zao. Msimulizi hapigi kelele. Anahesabu nyati na miezi, na uchungu unatoka kwenye hesabu hiyo.

Mwishoni Multatuli anaingia mwenyewe. Anamfukuza Stern, anamwambia Droogstoppel asongwe na kahawa apotelee mbali, kisha anamgeukia Mfalme Willem III na kumuuliza kama ni ridhaa yake kwamba zaidi ya raia wake milioni 30 wanateswa na kunyonywa kwa jina lake. Mwaka huohuo wa 1860 mbunge mmoja alisema bungeni kwamba kitabu hicho kimeitia nchi mtetemeko.

Wasomaji wa karibu karne nzima walivutwa zaidi na mtu kuliko kitabu: Dekker alikuwa shujaa au mtafuta sifa? Edgar du Perron, mwandishi mzaliwa wa Java, alimwandikia kitabu kizima cha utetezi mwaka 1937. Utunzi wenyewe ulionekana na wengi kuwa shaghalabaghala. Miaka ya 1960 mambo yakageuka. Jarida la Merlyn, lililoishi kuanzia 1962 hadi 1966, liliwafundisha wahakiki kuyasoma maandishi yenyewe neno kwa neno, na mwaka 1966 A. L. Sötemann akachapisha utafiti wake wa muundo wa Max Havelaar, akaonyesha kwamba fujo ile imepangwa. Kupishana kwa wasimulizi ndiko kunakomfanya msomaji amkatae Droogstoppel mwenyewe, kabla hajaombwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo lilipo jibu la swali letu: usasa wa kitabu uko kwenye kumwacha msomaji ahukumu kati ya sauti zinazopingana.

Kuna swali jingine ambalo mwanafunzi hufundishwa kuuliza: unasoma chapa ipi? Jacob van Lennep, mwanasheria na mwandishi mashuhuri aliyesimamia uchapishaji, alifuta miaka na kuweka nukta mahali pa majina ya sehemu, hivi kwamba Lebak halikutajwa waziwazi. Riwaya ya mashtaka ikakosa anwani ya kosa. Haki za kitabu nazo zilikuwa mikononi mwake. Dekker alikwenda mahakamani akashindwa. Mwaka 1875 ndipo aliporudisha majina, tena kwa kumbukumbu, kwa kuwa muswada hakuwa nao. Muswada ulijitokeza mwaka 1910, ukachapishwa 1949, miaka 62 baada ya kifo chake.

Sifa zote hizi hazimwondolei lawama. Dekker hakudai Waholanzi waondoke Java. Alitaka watawale kwa haki. Mwaka 1987 mwanahistoria wa fasihi Rob Nieuwenhuys alihoji kwamba hakuuelewa utaratibu wa kijadi wa Lebak aliokuja kuuhukumu kwa miezi michache. Na Wajava katika riwaya, hata Saidjah, husemewa na Wazungu.

Ndiyo sababu siku hizi Max Havelaar husomwa vizuri zaidi kikiwa na jirani. Mimi ningekiweka kando ya Wij slaven van Suriname, yaani Sisi Watumwa wa Suriname, kilichotoka mwaka 1934. Mwandishi wake, Anton de Kom wa Paramaribo, alikuwa mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani, na aliandika historia ya koloni hilo la Uholanzi huko Amerika ya Kusini kutoka upande wa waliochapwa. Alifia kwenye kambi ya Wanazi mwaka 1945, na hadi 2020 ndipo alipoingizwa kwenye orodha rasmi ya mada za historia ya Uholanzi zinazofundishwa shuleni. Anayeweza kuvipata vyote viwili aanze na De Kom, kwa sababu baada yake kila sura ya Droogstoppel inauma zaidi.