Uchovu wa Mwalimu Usioondoka kwa Usingizi

Shule zimefungwa, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wamemaliza, na walimu wa Faza na Kizingitini wameshapanda boti kwenda Mokowe kushika basi. Sisi washauri nasaha hapa Lamu huwasikia wengi wao Desemba wakiwa na lalamiko moja: "Nalala sana, naamka nimechoka vilevile." Wengine hujilaumu kuwa ni uvivu. Si uvivu, mwalimu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu kuwa hali inayoletwa na kazi, pale msongo unapodumu bila kutafutiwa njia. Una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kuitoka kazi, na kuhisi kuwa unalofanya halina tija tena.

Hiyo ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwalimu aliyemjua kila mtoto kwa jina, akajua yupi haji siku za uvuvi na yupi hulala njaa, sasa anasema "hawa watoto" kwa ukali asioujua ametoa wapi. Wenzake humwona amebadilika tabia. Mimi naona mtu aliyebeba shida za wengi bila yeye kuwa na wa kumtua mzigo. Kulala hakumtoshi, anahitaji kusikilizwa na mtu asiyemhukumu, awe mwenzake wa kazi, shehe, padri au mshauri.

Siku za mwanzo lala utakavyo, kisha rudi kuamka saa ileile kila siku. Punguza kahawa ya jioni, kwani muda wa saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Miraa nayo hufukuza usingizi. Tembea ufukweni alfajiri, upepo wa kaskazi ukiwa bado mwanana.

Walimu wanawake nawataja kando. Likizo yao mara nyingi huhama kutoka ubaoni hadi jikoni: wageni, harusi, watoto wote nyumbani. Mume na wanawe wakubwa washike sehemu ya kazi hizo, tena bila kuombwa. Vinginevyo mama huyo atarudi shule Januari hajapumzika hata kidogo.

Kuhusu masomo ya ziada ya likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayakataza. Najua mishahara haitoshi na wazazi husihi, lakini mwili haujui kuwa umelipwa.

Ikiwa sauti imekauka zaidi ya wiki tatu, muone daktari. Ikiwa huzuni haiondoki, au unawaza kujidhuru, usingoje: nenda hospitali iliyo karibu au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Na kwenu wakuu wa shule: jumbe za ripoti na ratiba kwenye kundi la WhatsApp zisubiri hadi wiki ya kufungua.