Intakomu ya simu kwa timu ya mubashara: programu ni bure, kazi iko kwenye waifai

Kwenye matukio mengi hapa Dodoma, kuanzia harusi za ukumbini hadi makongamano ya Jakaya Kikwete Convention Centre, timu za kurusha mubashara huwasiliana kwa njia mbili. Kuna wenye redio koli kiunoni, na kuna wanaopigiana simu ya kundi ya WhatsApp huku wakiomba Mungu mtandao usigome. Mimi ni mkurugenzi wa picha, yule anayekaa kwenye mixa na kuamua kamera ipi iende hewani, na njia zote mbili nimeshaziacha. Tunatumia simu janja zilezile kama intakomu, yaani chombo cha timu kuzungumza wakati wa kazi, ila sauti yetu inapita kwenye waifai ya ruta yetu wenyewe na haitoki nje ya ukumbi.

Redio koli ina shida moja kubwa: akizungumza mmoja, wengine wote wamefungwa mdomo. Kamera mbili akitaka kuniambia betri inaishia wakati mimi naielekeza kamera tatu, hana pa kupenyea. Halafu masafa yana mwenyewe. Leseni inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, si kitu cha kununua na kuwasha tu. Mfumo wenyewe wa kazi hii, wenye kiboksi cha kiunoni na heseti nzito, upo siku nyingi. Clear-Com ya Marekani ilianza kuutengeneza mwaka 1968. Ni mzuri mno, na bei yake unanunua kamera.

WhatsApp inaruhusu hadi watu 32 kwenye simu moja ya sauti, kwa hiyo ukiangalia haraka unaona imemaliza kazi. Ila sauti yako inapanda mnara, inakwenda kwenye seva za mbali, ndipo irudi kwa mwenzako aliyesimama hatua ishirini kutoka ulipo. Saa nane mchana ukumbi ukiwa mtupu inafanya kazi vizuri. Saa moja jioni wageni mia sita wameingia, kila mmoja anarusha video kwenye status, mnara umeelemewa, na wewe unasikia nusu ya sentensi. Hapo ongeza shangazi wa mpiga kamera anayepiga simu ya kawaida katikati ya keki.

Kwa hiyo sisi tunatumia Mumble. Ni programu huria ya bure ya kuzungumza kwa kundi. Seva yake, yaani sehemu inayopokea sauti na kuigawa kwa wengine, inakaa kwenye laptop kuukuu au hata Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, na simu za Android zinaingia kwa programu iitwayo Mumla. Zipo za kulipia zenye sura ya kitaalamu zaidi, kama Unity Intercom, na Clear-Com wenyewe wana Agent-IC ya kuunganisha simu na mitambo yao. Ukiwa na hela chukua hizo. Nitakayoyasema hapa chini yanazihusu zote, maana programu ndiyo sehemu nyepesi.

Sauti inasafiri kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, na inakula kidogo sana. Mazungumzo ya mtu mmoja yanatosheka na kilobiti 40 hivi kwa sekunde. Nikizungumza mimi na watu kumi wakisikiliza, ruta inabeba kilobiti 400 na ushee, haifiki hata nusu megabiti. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba intakomu yake inakatakata hivyo atanunua intaneti yenye kasi zaidi, namzuia. Hiyo intaneti haihitajiki kabisa. Kinachomsumbua ni msongamano wa hewani.

Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ndani ya ukumbi uliojaa, chaneli hizo zimeshachukuliwa na waifai ya ukumbi, hotspoti za wageni na Bluetooth za spika. Nenda gigahezi 5. Chagua chaneli ya 36 hadi 48, kwa sababu nyingi zilizo juu yake zinatumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama bila kukuuliza. Upana weka megahezi 20, usishawishike na 80. Hatuna haja ya kasi, tuna haja ya njia iliyonyooka. Na jina la mtandao huo lifiche, nywila asipewe MC, asipewe bwana harusi, asipewe mtu.

Ruta iwekwe juu ya vichwa. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa na maji yanameza mawimbi, kwa hiyo ruta iliyowekwa sakafuni nyuma ya jukwaa inakufa taratibu kadiri viti vinavyojaa. Yetu tunaifunga kwenye stendi ya taa, mita tatu hivi kutoka chini, mbali na skrini ya LED ambayo mgongo wake ni chuma kitupu. Jambo jingine linalosahaulika ni umeme. Ukikatika, laptop yenye seva ina betri na simu zina chaji, lakini ruta inazima, na mpaka jenereta iwake na ruta ijiwashe upya mmeshapoteza dakika kadhaa za hewani. Ruta nyingi ndogo zinatumia volti 12, na viUPS vya volti hizo, yaani vibetri vya kushikilia umeme ukikatika, vinauzwa. Kimoja chomeka hapo usikitoe.

Sasa simu zenyewe. Ukiunganisha Android kwenye waifai isiyo na intaneti, itakulalamikia, na nyingine zitahamia kwenye data kimyakimya. Mpiga kamera anaona alama ya mtandao, ila mimi simsikii wala yeye hanisikii. Dawa yake: washa hali ya ndege kwanza, kisha washa waifai peke yake. Hapo umemmaliza na yule shangazi. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu Mumla ifanye kazi skrini ikiwa imezimwa, maana simu nyingi za bei nafuu zinaua programu za nyuma baada ya muda mfupi ili kutunza chaji.

Earphone ziwe za waya. Bluetooth inaongeza ucheleweshaji unaoweza kuvuka milisekunde 100, na maiki yake ikiwashwa sauti nayo inashuka ubora. Huku kwetu tunarusha picha 25 kwa sekunde, yaani kila picha ni milisekunde 40. Ucheleweshaji wa milisekunde 200 ni picha tano: mimi nimeshakata kwenda kamera moja, yeye bado anatafuta fokasi akidhani ana muda. Tulinunua simu zilizotumika zenye tundu la earphone, hazina laini, na kazi yao ni hiyo tu.

Kuzungumza iwe kwa kubonyeza. Mumble inaweza pia kufungua maiki yenyewe ikisikia sauti, na mezani inapendeza, lakini jaribu kwenye shughuli ambako akina mama wa Kigogo wamekamata ngoma za muheme: maiki za wapiga kamera wote zinafunguka kwa pamoja. Nje, pale Chinangali au uwanja wa Jamhuri, upepo wa Dodoma unafanya hivyohivyo hata ngoma ikiwa imetulia. Mpiga kamera ambaye mikono yake imejaa halazimiki kunijibu kwa mdomo. Nikimuuliza "nne, umempata mgeni rasmi?" na hayuko hewani, anainamisha kamera na kuiinua mara moja, nami naona kwenye monita kwamba ameitika.

Namba inatangulia, amri inafuata. "Mbili, sogea kulia" inaeleweka. "Sogea kulia, mbili" inawasogeza watu wanne. Kamera wana chumba chao ndani ya Mumble, sauti na taa wana chao, msimamizi wa jukwaa ana chake pamoja na mtangazaji. Kuna fundi mmoja wa sauti, mzee wa kazi, aliyenigomea kabisa mwanzoni: "Mdogo wangu, mimi nikisikia makelele ya kamera zako nitashindwa kusikia mixa." Alikuwa sahihi, na ndiyo maana vyumba vimetengana.

Jaribio lifanywe mara mbili. Mtu mmoja atembee akihesabu kwa sauti hadi kona ya mwisho, chooni na kwenye gari la vifaa, ukumbi ukiwa mtupu; kisha arudie wageni wakiwa wameshakaa. Tofauti ya majaribio hayo mawili itakuambia kama ruta ipande juu zaidi.

Juani kuna kikomo. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35 za hewa inayoizunguka, na simu nyeusi iliyofungwa kwenye tripodi saa saba mchana mwezi wa kumi inavuka hapo upesi. Ifungwe upande wa kivuli, skrini ikiwa imezimwa. Kwa shughuli za kutwa nzima nje, bado nakodi mfumo wa waya kama bajeti inaruhusu, na simu zinabaki kwa msimamizi wa jukwaa na watu wa mlangoni, ambao hawana mahali pa kuvuta waya.