"Hadithi Ipo Tayari, Wewe Piga Tu": Dhana Potofu Kuhusu Gemu Kugeuzwa Filamu

Nafundisha uandishi wa skripti na kuediti hapa Mtwara mjini, na haupiti mwezi bila kijana kuingia mlangoni na flashi mkononi. Ndani ya flashi kuna vipande vya gemu alivyorekodi kwenye simu au kwenye PS ya kibanda cha jirani, amevipanga vizuri kwa tarehe, na neno lake la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, hadithi ipo tayari. Kilichobaki ni kushuti tu." Wiki iliyopita nimelisikia mara tatu. Mara ya mwisho lilitoka kwa mtu mzima mwenye pesa zake za korosho, aliyetaka kumgharamia mpwa wake. Nilimwomba kwa heshima zote azirudishe benki kwanza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, sasa naandika.

"Hadithi ipo tayari"

Haipo. Dhana hii imewatia watu hasara kuliko nyingine zote, wa Chikongola na wa Hollywood pia, kwa hiyo nitakaa nayo.

Chukua bao. Nenda Mikindani jioni ukawakute wazee chini ya mwembe, ubao wa mashimo 32, kete 64. Anayecheza moyo unamdunda tangu wakati wa kunamua, ile hatua ya mwanzo. Anahesabu kete, anaihofia nyumba yake, lile shimo kuu la upande wake, anauona mtaji wa mwenzake, yaani nafasi ya kumla kete, unavyosogea. Lakini akirudi kwake, mkewe akamuuliza mchezo ulikuwaje, hatamsimulia kete moja moja, shimo kwa shimo. Atamwambia kwamba yule aliyemfunga miaka yote na kumtambia mbele za watu, leo ameinuka bila kuaga. Hiyo ndiyo hadithi, na haikuwamo ndani ya ubao. Ilikuwa kwa watu wawili waliokaa pande mbili za ubao.

Gemu ni ubao. Utamu wake uko kwenye vidole vyako. Bosi wa levo amekuua mara thelathini, mara ya thelathini na moja umemwangusha: furaha ile ni yako kwa kuwa umeitolea jasho. Mtazamaji wa filamu hana pedi ya kuchezea mkononi. Yale yote ambayo gemu ilikuachia wewe uyafanye, kuamua, kuogopa, kukosea, kujuta, sasa lazima ayafanye mhusika, na ni mwandishi atakayempa sababu. Sababu zenyewe mara nyingi hazimo kwenye gemu, maana hazikuhitajika. Steringi alisonga mbele kwa sababu wewe ulitaka kusonga mbele, basi.

Tazama yaliyompata Mario. Gemu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni fundi bomba anayekimbia kuelekea kulia, anaruka mashimo, anakwenda kumwokoa binti mfalme. Ukiwa na pedi, hayo yanakutosha miaka. Mwaka 1992 watengenezaji wa filamu yake walikwenda kushuti Wilmington, North Carolina, ndani ya kiwanda cha saruji kilichokuwa kimefungwa. Walikuwa wameshapitia waandishi kadhaa, na skripti iliendelea kubadilishwa huku kamera zinazunguka. Madairekta wawili, Rocky Morton na Annabel Jankel, walitaka mji wa giza wa viumbe waliotokana na dinosaria, wakati wenye fedha walitaka kitu chepesi cha kuwafurahisha watoto. Bob Hoskins, aliyeigiza Mario, miaka mingi baadaye aliliambia gazeti la Guardian kwamba hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Filamu ilitoka 1993, ikiwa imegharimu zaidi ya dola milioni 40, na kumbi za Marekani zikaingiza kama milioni 21 tu. Vijana wangu wanasema ilianguka kwa kuwa haikufanana na gemu. Mimi nasema ilianguka kwa kuwa watu waliingia lokesheni hawajakubaliana wanasimulia nini. Gemu haikuwaambia. Isingeweza kuwaambia.

Sasa tazama waliojua kwamba hadithi inaandikwa upya. Kwenye gemu ya The Last of Us ya mwaka 2013 kuna mtu anaitwa Bill, anaishi peke yake kwenye mji aliouzungushia mitego. Ukicheza, sehemu ile ni kukimbia, kujificha na kupigana ukitafuta betri ya gari. Mwenzake, Frank, unamkuta ameshakufa na ameacha barua ya chuki. Kwa mchezaji inatosha kabisa. Kituo cha televisheni cha HBO walipoitengeneza tamthilia mwaka 2023, mwandishi Craig Mazin akiwa pamoja na Neil Druckmann, aliyeiandika gemu yenyewe, sehemu ya tatu waliigeuza juu chini. Steringi Joel na yule binti Ellie hawaonekani muda mrefu. Badala yake tunakaa na Bill na Frank tangu siku ya kwanza walipokutana, Frank akiwa ametumbukia kwenye shimo la mtego, hadi uzee na kifo chao. Mapigano karibu yote yametolewa. Aliyeyatoa ni pamoja na mtu aliyeitunga gemu! Alijua kipi kilikuwa cha mchezaji na kipi ni cha mtazamaji.

Kwa hiyo zoezi ninalowapa wote, na sitaacha kulitoa, ni hili. Weka flashi mezani. Nenda kwa bibi yako Newala au Tandahimba, mtu ambaye hajawahi kushika pedi maishani, umsimulie gemu yako dakika kumi bila kutaja bunduki, levo wala pointi. Bibi akikuuliza "halafu ikawaje?", una mwanzo wa filamu. Akikuuliza "sasa huyo anawaua wenzake kwa nini?" nawe ukakosa jibu, hujaanza. Wengi hurudi kwangu wamenuna. Wachache hurudi na ukurasa mmoja, na kwa huo mmoja mimi nafuta ratiba yangu ya siku nzima.

"Ifuate gemu kama ilivyo, mashabiki wataridhika"

Kuna kitu cha kufuata na kitu cha kuacha. Cha kufuata ni sura, sauti na sheria za dunia ile. Trela ya kwanza ya Sonic ilipotoka Aprili 2019, yule kalunguyeye wa bluu alikuwa na meno kama ya binadamu, na mashabiki walikasirika mno. Studio ikasogeza filamu kutoka Novemba hadi Februari 2020, wakamchora upya, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Lakini safari yake ndani ya gari na polisi wa mji mdogo haikutoka kwenye gemu yoyote. Tamthilia ya Fallout ya mwaka 2024 nayo ilichukua dunia ya gemu ikawaweka watu wapya kabisa ndani yake. Mashabiki hawakulalamikia hilo. Shabiki hukasirika ukimharibia uso anaoupenda. Ukimpa kisa kipya chenye uso ule ule, anakaa anatazama.

"Pesa na mastaa vitaokoa"

Final Fantasy: The Spirits Within ya 2001 iligharimu dola milioni 137, ikarudisha kama 85, na studio iliyoitengeneza ikafungwa. Borderlands ilikuwa na Cate Blanchett, Kevin Hart na Jack Black. Ilishutiwa Hungary mwaka 2021, baadhi ya sini zikarudiwa chini ya dairekta mwingine, ikatoka Agosti 2024. Zilitumika zaidi ya dola milioni 100, zikapatikana kama 33 dunia nzima. Hapa sina la kuongeza.

"Ikichelewa, ni uzembe"

Hili huniuma kwa sababu wanaolisema ndio hao hao wanaotaka filamu ya dakika tisini iwe tayari kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa. Uncharted ilipita mikononi mwa madairekta zaidi ya watano kabla ya kutoka 2022. Mark Wahlberg, aliyetajwa mwanzoni kuwa Nathan Drake, steringi kijana, mwishowe aliigiza Sully, mzee anayemwongoza Drake. Filamu ya Minecraft ilitangazwa 2014, ikabadilisha madairekta, ikatoka 2025. Siku nyingi katika hizo huishia kwenye meza ya mikataba. Mwenye gemu anaogopa jina lake lisiharibiwe, studio inaogopa pesa yake, na kila dairekta mpya anakuja na skripti yake.

Mfano mkubwa ni Halo, gemu ya Microsoft. Mwaka 2005 Microsoft ilimlipa Alex Garland dola milioni 1 aandike skripti, kisha ikaipeleka kwa studio kwa kutumia watu waliovaa mavazi ya kivita ya Master Chief, steringi wa gemu hiyo. Peter Jackson akawa mtayarishaji, na dairekta akawa kijana wa Afrika Kusini, Neill Blomkamp. Mwaka 2006 studio mbili na wenye gemu wakashindwana kwenye fedha, kazi ikafa. Blomkamp na Jackson wakageukia kisa kingine, wakakishuti Johannesburg kwa takriban dola milioni 30, nayo ikawa District 9 ya 2009, iliyoteuliwa kuwania Oscar nne. Wakati wao haukupotea, ingawa mtu aliyekuwa nje angewaita wazembe.

"Filamu za gemu zina mkosi"

Mortal Kombat ya 1995 iliingiza zaidi ya dola milioni 120. Mario wa katuni wa 2023, safari hii Nintendo wenyewe wakiwa mezani pamoja na Shigeru Miyamoto, aliyemtunga Mario, alivuka bilioni 1.3. Mkosi uko wapi?

"Nikibadilisha majina, ni yangu"

Hapa nawaomba vijana wanisikilize, kwa sababu hili linaweza kuwafikisha mahakamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aigeuze kuwa kitu kingine. Wazo la kijana anayerudi mtaani kwao baada ya mama yake kuuawa halina mwenyewe, liandike utakavyo. Ila ukichukua wahusika wa gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, misheni zao na maneno yao, ukamwita steringi wake CJ "Jei" na kushuti Chuno badala ya Los Santos, umechukua mali ya mtu. Na kibali cha Bodi ya Filamu hakiwi ruhusa ya mwenye gemu. Hivyo ni vitu viwili.

Mimi kwetu ni Lindi, na kila nikisikia habari za CJ nafikiria kisa cha kwetu wenyewe, cha kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin, na iko huko mpaka leo. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Hakuna studio ya kuombwa ruhusa. Lakini hata hiyo haiko tayari: tuna jina, tuna mifupa, tuna njia waliyoipita, na kile alichokitaka Boheti asubuhi anatoka kwake kwenda shimoni, mtu itabidi akae akiandike.