Kidole cha mguu kikivunjika: cha kutibiwa nyumbani, cha kuletwa hospitali, na karatasi zake

Katika miezi ya karibuni sanduku la maoni la hospitali yetu limekuwa likipokea barua zinazofanana. Mtu kajikwaa kwenye kizingiti usiku umeme umekatika, au mtungi wa gesi umemwangukia mguuni. Kidole kimevimba, kakaa foleni, na mwisho wa yote kafungwa plasta, kapewa panadoli na kuambiwa arudi nyumbani. Anaandika kwamba hakutibiwa. Wengine wanalalamika kuwa daktari amewanyima picha ya eksirei ilhali walikuwa tayari kuilipia. Wapo pia waliofanya kinyume chake: wamekaa nyumbani wiki tatu na kidole gumba kilichopinda kwa sababu jirani aliwaambia kidole hakina tiba. Kitengo cha mifupa kimetakiwa kutoa ufafanuzi.

Tuanze na wale wa kundi la kwanza. Ndugu mwananchi, ulitibiwa. Mfupa wa kidole kidogo cha mguu, iwe cha pili, cha tatu, cha nne au cha mwisho, ukivunjika bila kuhama mahali pake na bila kidonda, hauhitaji hogo (ile plasta ngumu inayogandishwa) wala upasuaji wala sindano. Unahitaji kufungwa pamoja na kidole cha jirani, kiatu chenye soli ngumu, na wiki nne hadi sita za subira. Ndivyo angefungwa hata mkubwa wa nchi akijikwaa. Ubaya ni kwamba wagonjwa wengi hupima matibabu kwa wingi wa dawa zilizomo kwenye mfuko, na daktari aliyekuandikia panadoli peke yake anaonekana amekudharau.

Kuhusu picha: mashine ya eksirei hutoa mionzi, na matumizi yake nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003. Mashine lazima iwe na leseni, chumba kikaguliwe, mtumishi avae kifaa cha kupimia mionzi aliyoipata, na kila picha iwe na sababu ya kitabibu iliyoandikwa na aliyemwona mgonjwa. Mtaalamu wa mionzi hapokei mgonjwa aliyejituma mwenyewe kutoka dirisha la malipo akiwa na risiti mkononi. Fomu ya maombi isiyo na jina, sahihi na maelezo ya tabibu inarudishwa. Hilo halijaanzishwa juzi na halimlengi mtu yeyote. Mionzi ya picha ya kidole ni kidogo sana, hilo tunalikubali, lakini kama jibu la picha halitabadilisha matibabu, daktari ana haki ya kutoiomba. Kidole cha nne kilichonyooka, chenye uvimbe na michubuko, kitafungwa vilevile kiwe kimevunjika au kimeteguka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kauli tunayoisikia kila siku: "Nikiweza kukichezesha, hakijavunjika." Si kweli. Kano zinazovuta kidole zinatoka mbali, kwenye unyayo na hata kwenye mguu juu ya kifundo, na zinaweza kukivuta hata kama mfupa una ufa. Watu wengi wenye kidole kilichovunjika huingia kliniki wakitembea, wengine wamepanda daladala mbili na kushuka kituo kisicho chao. Kutembea hakuthibitishi chochote. Dalili zenye maana zaidi ni maumivu makali unapobonyeza mfupa mahali pamoja, maumivu unaposukuma ncha ya kidole kuelekea kisigino, na wekundu au weusi wa damu unaosambaa kesho yake.

Sasa, ni nani asijitibu nyumbani? Kidole gumba kije hospitali. Kina mifupa miwili tu badala ya mitatu, na ndicho kinachobeba uzito mwishoni mwa kila hatua, mguu unapojisukuma kutoka ardhini. Kikipona vibaya, maumivu ya kiungo yatakusumbua miaka. Kije pia kidole chochote kilichopinda au kugeuka upande, chenye kidonda hata kidogo, kilichokufa ganzi, au kilichopauka na kuwa baridi. Hicho kilichopauka na kuwa baridi kije siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza kikao cha harusi. Ukiona maumivu yako juu ya unyayo katikati, au michubuko imejitokeza chini ya wayo, tatizo huenda si kidole kabisa, na mguu mzima unahitaji kuangaliwa.

Mtoto tunamweka peke yake. Mifupa yake ina sehemu laini za kukulia, na moja iko karibu sana na shina la ukucha. Mtoto akijigonga kidole, ukucha ukachomoka au damu ikatoka kwenye shina lake, mzazi huona ni ukucha tu na kuufunga na kitambaa. Mara nyingine chini yake mfupa umevunjika na kidonda kinafika kwenye mfupa. Usaha ukiingia humo, kidole kinaweza kudumaa. Mlete mtoto.

Mwenye kisukari asijitibu nyumbani hata kama hasikii maumivu. Na hasa kama hasikii maumivu! Sukari ya muda mrefu huua hisia za miguu, na plasta iliyobana kidole kisicho na hisia hutengeneza kidonda ambacho mwenyewe atakigundua kwa harufu. Tunaomba familia za wazee wenye kisukari zituelewe hapa, kwa kuwa tumekuwa tukipokea wagonjwa wa namna hii wakiwa wamechelewa, na mazungumzo yanayofuata kuhusu kukata kidole au mguu si mazungumzo anayoyapenda daktari yeyote.

Barafu na kuinua mguu, hayo mnayajua. Barafu ifungwe kwenye kitenge, isigusane na ngozi, dakika 15 hadi 20 kisha uitoe, mara kadhaa kwa siku mbili za mwanzo. Mguu uwe juu ya mto, zaidi ya usawa wa moyo. Maji ya moto katika siku hizo yanaongeza uvimbe. Kuchua kunaongeza uvimbe na kunaweza kuuhamisha mfupa uliokuwa umetulia. Tunalisema hili kila wiki na kila wiki mtu anakuja amechuliwa na bibi kwa mafuta ya nazi na nguvu zake zote. Bibi ana nia njema. Asichue. Wala mtu asikivute kidole "kirudi": tunaporudisha kidole hospitali tunakitia ganzi kwanza, na baada ya kukirudisha tunahakikisha kwa picha.

Namna ya kufunga. Chukua pamba au gozi, iweke katikati ya kidole kilichoumia na jirani yake, kisha zungusha vipande viwili vya plasta ya kawaida, kimoja karibu na shina na kingine karibu na ncha, bila kufunika ukucha. Kidole cha mwisho kifungwe na cha nne. Kilicho katikati kichagulie jirani anayelingana nacho kwa urefu. Ukimaliza, bonyeza ukucha mpaka upauke, achia, na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Isiporudi, umebana. Badilisha kila siku moja au mbili baada ya kuoga na kukausha vizuri katikati ya vidole, kwani pamba yenye maji huleta fangasi na ngozi huoza. Usitumie kamba, wala uzi, wala mpira wa tairi la baiskeli, ambao bado tunauona. Mpira huzidi kubana kidole kinapovimba usiku.

Kiatu ndicho nusu ya matibabu na ndicho kinachopuuzwa. Ndala na raba laini hupinda pale pale mfupa unapojaribu kuunga. Kiatu cha ngozi cha shule chenye soli ngumu ni bora kuliko raba ya bei kubwa. Choo cha kuchuchumaa hupinda vidole vyote, kwa hiyo shika ukuta na uegemee mguu mzima. Kwa Waislamu, kikao cha tahiyatu kinaelemea vidole vya mguu wa kulia vikiwa vimepinda. Ruhusa ya mgonjwa kuswali akiwa kwenye kiti inajulikana na mashekhe wataieleza vizuri kuliko sisi. Vijana wa bodaboda waangalie mguu wa kushoto, kwani gia ya pikipiki hupandishwa kwa vidole, na mguu wa kulia una breki. Dereva anayesita kukanyaga breki kwa sababu ya kidole anahatarisha abiria wake. Ndondo, yaani mpira wa mtaani, isubiri angalau wiki sita, na maumivu yawe yamekwisha.

Paracetamol kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Angalieni dawa za mchanganyiko za maumivu zinazouzwa madukani, nyingi tayari zina paracetamol ndani, na anayemeza zote mbili anazidisha bila kujua na kuumiza ini. Ibuprofen na diclofenac zisitumiwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye ugonjwa wa figo bila ushauri wa daktari. Antibayotiki haiungi mfupa. Kidole kisicho na kidonda hakihitaji antibayotiki, hata kama muuza dawa ana huruma. Kama kuna kidonda, swali la kwanza ni chanjo ya pepopunda: akina mama wengi wamechanjwa wakiwa wajawazito, lakini mwanamume mtu mzima mara nyingi hakumbuki alichanjwa lini. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Kisipakwe tumbaku, mafuta ya breki wala kinyesi cha ng'ombe.

Damu ikijaa chini ya ukucha na kuuma kama inapiga ngoma, njoo ndani ya siku moja tutoboe. Usitoboe mwenyewe kwa sindano iliyochomwa motoni.

Wanaopenda kwenda kwa waunga mifupa wa jadi tunawakumbusha kuwa huduma hiyo nayo ina sheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Una haki ya kuuliza cheti chake. Mwenye kidonda au kidole kilichopoteza rangi asipitie huko kwanza.

Sasa karatasi, ambazo ndizo zinazoleta ugomvi mwingi kwenye madirisha yetu.

Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, haihitajiki kwa aliyejikwaa nyumbani kwake. Inahitajika kwa ajali ya barabarani, kipigo au jeraha lolote lenye harufu ya kosa la jinai. Inatolewa kituo cha polisi, hailipiwi, na daktari hujaza sehemu yake kisha inarudishwa polisi. Mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza na fomu ifuate. Lakini ukikanyagwa na pikipiki ukasema umejikwaa ili kukwepa kituo, maelezo hayo yanaandikwa kwenye faili, na miezi mitatu baadaye ukitaka kudai bima ya chombo, daktari hawezi kuandika kitu tofauti. Msitulazimishe.

Karatasi ya mapumziko, mnayoiita ED, inatolewa na tabibu aliyekuona, kwa siku alizoona zinafaa, kuanzia siku aliyokuona. Haiandikwi kwa tarehe ya nyuma. Haitolewi kwa simu. Haitolewi kwa kaka aliyekuja kumchukulia dada yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri halazimiki kulipa kama hakuletewa cheti cha daktari. Ndiyo maana aliyejifunga mwenyewe nyumbani, hata kama kajifunga vizuri kuliko sisi, akihitaji siku za kupumzika kwa malipo lazima aonwe. Kughushi cheti ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na waajiri hutuletea nakala kuzihakiki. Tunapokuta namba isiyo kwenye rejista yetu tunajibu hivyo kwa maandishi, na hatuna namna ya kumsaidia mhusika.

Kama kidole kimeumia kazini, kwa mfano umeangukiwa na kreti ghalani, mweleze msimamizi wako siku hiyohiyo. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7 za kazi, na mfanyakazi aliyekaa kimya zaidi ya miezi 12 anajiweka katika hatari ya kupoteza haki yake. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba ni ajali ya kazini ili fomu za mfuko zijazwe kutoka kwenye uchunguzi wa kwanza. Kuja baada ya miezi minne, kidole kimeshaunga, na kuomba daktari athibitishe kilivunjika saa ngapi na wapi, ni kumwomba aandike asichokijua.

Kadi ya bima ni ya mwenye jina. Kidole cha shemeji hakitibiwi kwa kadi yako, na ukikamatwa kadi inazuiwa na suala linaripotiwa kwa mfuko husika. Asiye na uwezo wa kulipa aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kabla ya huduma na si baada yake.

Rudi kuonwa baada ya wiki moja au mbili kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, na mapema zaidi ukiona usaha, homa au weusi unaopanda. Uvimbe mdogo unaobaki kwa miezi kadhaa baada ya mfupa kuunga ni wa kawaida na hauhitaji barua kwenye sanduku la maoni. Ukirudi, njoo na picha ya mwanzo kama ulipigwa, njoo na dawa zote ulizomeza, na vaa kiatu kilekile unachotembelea kila siku ili tukione.