Babeli: jina moja, maana nyingi

Ukimuuliza msomaji wa Biblia maana ya Babeli, mara nyingi atakujibu bila kusita: machafuko ya lugha. Jibu hilo limetoka Mwanzo 11 na lina mahali pake. Lakini wenyeji wa mji huo wangelisikia, wangeshangaa. Kwao jina hilo lilikuwa fahari.

Magofu ya Babeli yako kando ya mto Frati, jirani na mji wa Hilla nchini Iraki, takriban kilomita 85 kusini mwa Baghdad. Hammurabi alitawala hapo katika karne ya 18 KK. Nebukadreza wa Pili (605–562 KK) aliujenga upya kwa matofali ya kuchoma, na mengi yake yalipigwa muhuri wa maandishi ya kikabari, yaani ya alama zenye umbo la kabari, udongo ungali mbichi: Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mtunzaji wa mahekalu ya Esagila na Ezida, mwana wa kwanza wa Nabopolassar.

Jina la mji liliandikwa kwa namna zaidi ya moja. Mojawapo ina alama nne: KA, yaani mlango, DINGIR, yaani mungu, RA, kiungo cha sarufi, na KI, ambayo haitamkwi, kazi yake ni kumjulisha msomaji kwamba hapa panatajwa mahali. Mwandishi aliandika kwa Kisumeri, lugha ambayo haikuwa tena ya mtu yeyote nyumbani, ila akasoma kwa Kiakadi, lugha ya wenyeji wa Babeli: Bab-ili, lango la mungu. Anayejua Kiarabu atalitambua neno bab papo hapo, kwani hizo ni lugha ndugu.

Hata hivyo, huenda maana hiyo nayo ilibuniwa baadaye. Mwaka 1955 mtaalamu I. J. Gelb alitoa hoja kwamba mji uliitwa Babil au Babila zamani zaidi, kwa lugha isiyojulikana, na Waakadi wakalisikia jina hilo kwa masikio yao wenyewe. Naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, maana watu wa kila zama hupenda jina la mji wao liseme jambo.

Makuhani wa Babeli walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Matini yao iitwayo Tintir inaanza kwa kuorodhesha majina ya sifa ya mji, moja baada ya jingine, kila moja na ufafanuzi wake. Tintir lenyewe ni mojawapo, nao walilifasiri kuwa makao ya uzima.

Waebrania waliopelekwa uhamishoni Babeli walikuwa na sababu zao za kulisikia vingine. Katika Mwanzo jina Babeli linachezewa kwa kitenzi balal, kuchanganya. Yeremia naye anamtaja mfalme wa Sheshaki (25:26), na wasomaji wengi hupita hapo wakidhani ni nchi nyingine. Ni Babeli ileile. Alfabeti ya Kiebrania imegeuzwa, herufi ya kwanza ikabadilishana na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo hadi katikati. Konsonanti za jina hilo, B-B-L, zikawa Sh-Sh-K.

Katika Ufunuo 17, mwanamke aitwaye Babeli ameketi juu ya milima saba, na wafasiri wengi wanaielewa kuwa ni Roma. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 102, inaitaja Babil pamoja na malaika wawili, Haruti na Maruti. Warastafari wa Jamaika, wakiisoma Zaburi ya 137, maombolezo ya mateka wa Babeli, kama wazao wa watu waliotekwa na kuvushwa bahari, waliita Babylon utawala wote unaokandamiza, polisi wakiwemo, na kwa njia ya muziki wa rege maana hiyo imefika hadi vijiwe vya Dar es Salaam na Nairobi.

Kwa Wairaki, Babil ni jina la mkoa, na Hilla ndiyo makao yake makuu. Magofu yenyewe yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2019.