Je, wajua kwa nini foleni ya benki inarefuka hata keshia akiwa na spidi ya kutosha?

Chukua keshia mmoja anayemaliza wateja 20 kwa saa, yaani dakika 3 kila mtu kwa wastani. Wanaokuja ni 18 kwa saa. Kihesabu anawamudu na chenji inabaki, sasa mbona watu wanasimama karibu nusu saa?

Ni kwa sababu watu hawaji kwa mpangilio. Kuna dakika tano dirishani hamna mtu, keshia anachati tu, afu ghafla wanaingia wanne kwa mpigo na wa kwanza kabeba mauzo ya duka zima kwenye mfuko wa rambo. Zile dakika tano huwezi kuziweka akiba uje uzitumie sasa hivi, zimeshapotea, ila ucheleweshaji wenyewe haupotei, unarithiwa na kila anayepanga nyuma.

Jamaa aliyeanza kulipigia hesabu hili ni Agner Krarup Erlang, mtu wa kampuni ya simu ya Copenhagen, andiko lake la kwanza likatoka 1909. Shida yake yeye ilikuwa simu, maana nazo zinapigwa kiholela vilevile.

Sasa angalia hesabu za foleni zinavyosema kwa dirisha moja, kama watu wanakuja kiholela na muda wa kuhudumiwa nao ni wa kiholela: wakija 16 kwa saa utasubiri wastani wa dakika 12, wakija 18 ni dakika 27, wakija 19 ni dakika 57! Mtu mmoja tu kaongezeka na kusubiri kumezidi mara mbili. Wakifika 20 kamili foleni inakua tu bila kikomo. Kwa hiyo bosi anayetaka keshia asipumzike hata sekunde, foleni anaitengeneza mwenyewe.

Ila weka madirisha matatu, mmoja kaenda lanchi, mtandao umekata, wateja wengine wamechoka wakaondoka, hapo fomula za karatasini zinagoma. Ndo wanapoingia watafiti wa simulesheni, yaani wanaoigiza foleni ndani ya kompyuta: kompyuta inazalisha namba za kubahatisha, namba inaamua mteja anayefuata anakuja lini na atachukua muda gani, na saa ya programu inaruka kutoka tukio moja hadi lingine kwa hiyo siku nzima inaisha fasta. Wanarudia siku hiyo hata mara elfu, maana siku moja inaweza kukudanganya. Na kwa taarifa yenu maprograma, klasi na objekti mnazotumia kwenye Java zilianzia kwenye Simula, lugha ya kuandikia programu iliyotengenezwa Oslo miaka ya 1960 kwa kazi hizihizi za simulesheni.