Aerosmith haikufufuliwa na rapu peke yake

Wapenzi wa roki husimulia hivi: Aerosmith, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa wamekwisha, vijana wa kundi la rapu la Run-DMC wakaurudia wimbo wao "Walk This Way" mwaka 1986, na bendi ikafufuka. Hadithi tamu, ila ni nusu tu.

Kwanza, bendi nzima haikuwamo kwenye rekodi ile. Waliokwenda studio ni wawili, mwimbaji Steven Tyler na mpiga gitaa Joe Perry. Wimbo ulifika nafasi ya 4 Marekani, lakini ulikuwa wa Run-DMC. Uliwarudisha Aerosmith machoni pa watu. Albamu mpya haukuwapa.

Perry alikuwa ameondoka 1979, mpiga gitaa mwenzake Brad Whitford akamfuata 1981. Waliporejea wote 1984, wengi walidhani mambo yameiva, kumbe albamu ya 1985 ilidoda. Shida kubwa ilikuwa dawa za kulevya. Mwaka 1986 wenzake walimbana Tyler mpaka akakubali kwenda kutibiwa, kisha nao wakafuata.

Halafu wakameza kiburi. Bendi iliyozoea kujitungia ilikubali kukaa na watunzi wa nje kama Desmond Child, na mashabiki wa zamani wakanuna (mimi nawaelewa). Albamu ya 1987 ikawaka, na wimbo wake "Angel", waliotunga Tyler na Child, ukashika nafasi ya 3 Marekani. Namba moja yao ya kwanza Marekani ilikuja 1998, kwa wimbo uliotungwa na mtunzi wa nje, Diane Warren, tena wa filamu.